Mtani wa Bi Chausiku

Juzi nilikwenda Buguruni kutafuta fundi wa friji, nikakutana na harufu ya mawese. Mama mmoja alikuwa anapika maharage barazani, na harufu ile nzito ikanisimamisha palepale njiani. Fundi alinikuta nimeduwaa akadhani naumwa. Siumwi, nikamwambia, nimemkumbuka mtu. Nilimkumbuka Mama Konso, na ukimkumbuka Mama Konso huwezi kumwacha Bi Chausiku, maana wale wawili walikuja kushikamana kwa namna ambayo mimi, na akili zangu za darasa la pili, niliisoma kichwa chini miguu juu.

Tulipanga Kariakoo, nyumba ya Bi Chausiku, si mbali na Msimbazi. Wenzangu wa rika langu mnazijua nyumba zile za Kiswahili: korido katikati, vyumba huku na huku, uani choo, bafu, na majiko ya kila mtu yamepangwa ukutani. Sisi Wachaga tulikuwa na vyumba viwili vya mbele, kwa kuwa Baba alikuwa na duka la vyombo Mtaa wa Kongo. Bi Chausiku mwenye nyumba, Mzaramo aliyezaliwa mtaani palepale, alikaa chumba cha katikati, na sidhani kama alikichagua kwa sababu nyingine zaidi ya kutaka kusikia pande zote.

Zilikuwa enzi za ruksa, biashara imefunguliwa kwa kila mtu. Vitu vilikuwa vimemwagika madukani, sabuni za kunukia, ndala za kila rangi, mabeseni ya plastiki mpaka Baba hana pa kuyaweka. Mama, aliyewahi kupanga foleni ya sukari na mimi tumboni, alikuwa akiingia dukani anashika mfuko wa sukari anauachia, basi tu, kwa raha ya kuuona. Watu walipata vitu vipya vya kununua, na naona walipata pia vitu vipya vya kuogopa.

Mama Konso alikuja na treni ya Reli ya Kati, mtoto mgongoni na begi moja, akachukua chumba cha mwisho karibu na bafu. Alitoka Burundi, kwenye vita. Sheria ilitaka mkimbizi akae kambini huko Kigoma. Akikutwa mjini anabebwa anarudishwa, na yeye kule kambini alikuwa na sababu zake za kutotaka kurudi, ambazo hakumwambia mtu. Hayo nimeyajua ukubwani. Wakati ule nilijua tu kwamba amekuja mpangaji mpya, mwembamba, mpole, anayekupa kitu kwa mkono wa kulia huku wa kushoto umeshika kiwiko.

Bi Chausiku akamwuliza kabila, kama alivyomwuliza kila mtu. Mama Konso akajibu, Mnyamwezi. Jina hilo alikuwa amelisikia treni ilipokaa Tabora, akaona linafaa, watu wenyewe wengi, nani atamtafuta humo. Maskini ya Mungu. Katika makabila yote ya nchi hii aliokota lile ambalo Mzaramo hawezi kuliacha likapita salama.

Maana Mzaramo na Mnyamwezi ni watani, tangu enzi za misafara ya mizigo kutoka bara. Mtani wako anakutukana mbele za watu, anaingia kwako anachukua anachokitaka mchana kweupe, na wewe ukikasirika umeshindwa. Basi Bi Chausiku alifurahi kuliko siku ya Idi. Akapiga vigelegele pale mlangoni, akasema Mungu mkubwa, mpagazi wangu ameletwa mpaka nyumbani, weka mzigo wa watu chini upumzike. Mama Konso akainamisha kichwa akasema, "Samahani, Bibi."

"Samahani?" Bi Chausiku alimgeukia Mama. "Mnyamwezi gani huyu? Amelelewa na masista?"

Ikawa hivyo kwa muda. Bi Chausiku anarusha, Mama Konso anainama. Tena alikuwa na jambo jingine lililowashinda wapangaji: akila, anafunga mlango. Kwetu pale mtu alikula uani, na anayepita anakaribishwa hata kama sahani imebaki mchuzi tu, kwa hiyo wakasema ni mchoyo. Mimi nilijua si mchoyo, kwa sababu mimi alinifungia mlango tukiwa wote ndani, maharage ya mawese na ndizi, Konso mapajani kwake na mimi mkekani. Baadaye ndipo nilielewa kwamba kwao mtu mwenye adabu haonyeshi watu kinywa chake kikitafuna. Alinisuka nywele bila kunivuta, jambo ambalo Mama mzazi hajaliweza mpaka leo. Alifuma vitambaa vya makochi akawauzia wenye maduka, na nilipotoka shule nilikaa miguuni pake nikimshikia uzi. Nilimpenda sana mama yule, na sioni sababu ya kulisema hilo kwa kuzungukazunguka.

Jioni wazee walikaa barazani na kahawa yao, redio iko dirishani. Ikitajwa habari za mpakani, wanaanza. Wakimbizi wamezidi. Wakimbizi wanamaliza misitu. Wakimbizi wanapewa chakula cha bure na sisi tunanunua. Bi Chausiku hakupitwa. "Bunduki wametuletea wao," alikuwa akisema. "Zamani mwizi wa Kariakoo alikuja na bisibisi, akikuona anakuamkia." Watu wanacheka. Mama Konso yupo uani, mlango wa korido uko wazi, anasikia kila neno, sindano inaendelea kwenda.

Mimi nikajenga picha yangu. Mkimbizi alikuwa jitu lenye ndevu na koti refu, na ndani ya koti kuna bunduki. Nilikuwa namtafuta. Siku moja nilifuatana na Mama Konso sokoni, tukateremka shimoni, chini ya jengo la soko, kwenye nyanya na vitunguu, nikamwomba anisaidie kuangalia, macho manne yanaona zaidi.

"Ukimwona utafanyaje?" akaniuliza.

"Nitakimbia nikamwite polisi."

Akanishika mkono akaubana kidogo, kisha akauliza bei ya nyanya.

Kisha akafa kaka yake Bi Chausiku. Maiti ililetwa pale nyumbani, turubai likafungwa mtaani, wanawake uani wanachambua mchele, na mimi nimeachwa mikononi mwa Mama Konso maana Mama yuko kwenye masufuria. Wakati wa kutoa jeneza watani wakafika, wachukuzi watatu wa magunia kutoka sokoni, Wanyamwezi kwelikweli. Mmoja amejipaka unga usoni amevaa koti la marehemu nje ndani, akajilaza kizingitini. Mwingine ana fimbo, amesimama katikati ya korido anafoka. "Hapiti mtu hapa. Wazaramo wote wajitokeze mbele, tuwajue. Nani Mzaramo? Na wewe, kabila gani?"

Watu waliokuwa wanalia wakaanza kucheka na machozi yao, na ndiyo kazi ya watani msibani. Lakini Mama Konso aliweka ungo chini. Akamfunga Konso mgongoni, akanikamata mkono, akatuingiza bafuni, akasukuma komeo.

Mimi nikajua tunacheza kombolela, ule mchezo wa kujificha. Nikafurahi, nikaanza kuchekacheka, maana hakuna mtu mzima aliyewahi kunichezesha kombolela. Akaniziba mdomo kwa kiganja. Kiganja kilinuka vitunguu na kilinibana mpaka meno yangu yakanichoma midomo. Nikamwangalia usoni, nikaona huyu hachezi. Nje sauti ya yule wa fimbo ilikuwa inakuja, kabila gani, kabila gani, na kila ikikaribia alinikandamiza ukutani, yeye amekaa mbele yetu sisi watoto wawili.

Aliyetutafuta ni Bi Chausiku mwenyewe, kanga ya msiba kichwani. Aligonga polepole. "Mama Konso. Fungua, mwanangu."

Akafungua. Bi Chausiku akamtazama, na sisi, na lile komeo. "Wale ni watani tu," akasema. "Wanacheza. Wakipewa chao, wanabeba jeneza wao wenyewe mpaka makaburini Kisutu."

"Wameuliza nani Mzaramo," Mama Konso akasema.

"Ndiyo wameuliza. Mzaramo si ndiye mimi."

"Na hawakuui?"

Nje watu wanacheka, ndugu yake anatolewa, na Bi Chausiku amesimama mlangoni mwa bafu. Hatimaye alimfungua Konso mgongoni mwa mama yake akambeba mwenyewe. "Hilo ulilouliza," akasema, "usimwulize mtu mwingine."

Matanga yalipoanuliwa, mambo yakageuka, na hapo ndipo nilipopotea kabisa. Bi Chausiku alianza kumtukana Mama Konso kwa bidii. Si kama zamani, neno moja akipita; sasa alivuta kigoda akakaa mbele yake kila asubuhi, kama mwenye kazi. Mpagazi wewe. Mla viazi vikavu, mla michembe wewe. Miguu imepasuka kwa kufuata mizigo ya watu. Mama Konso akiinama, Bi Chausiku anagonga sufuria kwa mwiko. "Jibu." Anagonga tena. "Jibu, nimekwambia."

Nilimchukia bibi yule mpaka uji haupiti. Nilikwenda kwa Mama nikalia, nikamwambia Bi Chausiku anataka kumfukuza Mama Konso, anamtukana bila kosa. Mama, ambaye nadhani alikwishaelewa kila kitu, akasema, "Eliza, maliza uji uende shule." Nikaona hakuna mwenye huruma nyumba nzima. Usiku nilimwomba Mungu ampooze Bi Chausiku ulimi, wiki moja tu, nikaongeza kwa adabu kwamba asife.

Asubuhi moja Mama Konso akajibu. Alisema kwa sauti ndogo, macho kwenye kitambaa, "Na wewe mcheza ngoma."

"Nini? Unanitukana au unaniombea dua? Pandisha."

"Mcheza ngoma," akarudia, na safari hii kidevu kilinyanyuka kidogo. Bi Chausiku akapiga paja lake akacheka. Mimi nikaona sasa ndiyo wanapigana, nikakimbilia ndani.

Msako ulikuja Jumamosi, saa za chai. Ulikuwa umetangazwa kwenye redio: wageni wasio na vibali wote waondolewe mjini. Tulisikia kwanza nyumba ya pili. Alikuwepo fundi viatu mle, mtu wa kimya na mkewe na watoto wao, nasi tuliona juu ya ukuta wakipandishwa lori, mkewe amebeba jiko la mkaa ambalo bado lilikuwa la moto. Kisha mjumbe wetu wa nyumba kumi akaingia kwetu na askari wawili. Mama akaacha kukoroga. Bi Chausiku alikuwa anakuna nazi, hakuinua hata kichwa.

Walianza vyumba vya mbele, wakaulizauliza, wakafika uani. Yule askari mkubwa akasimama mbele ya Mama Konso. "Wewe mama, kabila gani?"

Sindano ikasimama. Niliona shingo yake ikikakamaa, nikakumbuka kiganja kile bafuni, nikajua anataka kunyanyuka akimbie. Akikimbia, amekwisha.

"Mwulize vizuri huyo," Bi Chausiku akasema, bado anakuna nazi. "Mwulize babu yake alitumwa kuleta mzigo pwani akafanya nini. Kafika hapa kaiona bahari, kafikiri ni uji, kainywa. Kaharisha mpaka msafara ukamwacha. Ndiyo mbegu hiyo unayoiona, Mnyamwezi wa kuhara."

Askari mdogo akaguna kicheko. Mkubwa hakucheka, bado anamtazama Mama Konso usoni. Bi Chausiku akaacha kukuna, mkono juu ya mbuzi ya nazi.

Mama Konso akaweka kitambaa chini. Akashika kiuno, na sikuwahi kumwona ameshika kiuno.

"Babu yangu alikunywa bahari," akasema, "kwa sababu babu yako alikuwa amelewa, hakuna wa kumpa maji. Mzaramo huyu, afande, ukoo wao walipigiwa ngoma moja wakauza shamba. Wakapigiwa ya pili wakauza nyumba. Hii nyumba yetu. Kila mwezi namdai kodi mimi, hataki kulipa, anakuna nazi."

Alisema yote kwa lafudhi yake ileile ya kupandisha na kushusha, lakini hakuna aliyeisikia lafudhi. Mama alicheka mpaka akashika ukuta. Mjumbe alikuwa anajifuta macho. Askari mkubwa akatikisa kichwa, akasema, "Hawa watani, bwana, wataniua," akageuka akatoka. Nadhani alijua. Nimekaa nikafikiri sana, na nadhani alijua, ila alipewa njia nzuri ya kuondoka akaichukua.

Lori lilipoondoka Mama Konso alikaa chini kwenye sakafu, siyo kwenye kigoda. Akasema, bila kumtazama mtu, "Kwetu aliyeniuliza swali lile hakuwa anacheka." Mama akamletea maji. Na mimi, mjinga wa mwisho katika nyumba ile, ndipo nikaelewa zile asubuhi za mwiko na sufuria zilikuwa za nini. Nilitaka kwenda kumkumbatia Bi Chausiku, ila nilimwogopa.

Sasa sikieni alichofanya Bi Chausiku ilipofika adhuhuri. Wali wake wa nazi umeiva, umefunikwa na mkaa juu, yeye amejaa ushindi, anajipepea kwa upindo wa kanga. Akasema, "Afadhali wamembeba yule fundi viatu na ukoo wake. Hawa wakimbizi wamezidi, mji haupumui."

Hakuwa na ubaya moyoni. Alisema kama alivyosema siku zote barazani, na naapa hata hakusikia alichokisema. Lakini uani kila mtu alisikia.

Mama Konso akainuka. "Bibi," akasema, "mkimbizi ni mimi."

"Wewe mtani wangu, wewe."

"Mtani wako mkimbizi. Huwezi kunishika mkono mmoja halafu mwenzangu unampiga teke." Akaenda jikoni kwa Bi Chausiku, akaondoa mkaa juu ya mfuniko, akashika sufuria ya wali kwa ncha za kanga yake akainyanyua. "Hii nimeichukua. Inakwenda kituoni kwa polisi, wale watoto wametolewa kwenye chai. Na ukikasirika, Mzaramo, umeshindwa."

Bi Chausiku akamtafuta Mama kwa macho, Mama akawa na shughuli kubwa na nyanya zake. Sheria ni sheria, na yeye ndiye aliyeifundisha, kigodani, asubuhi kwa asubuhi. Mama Konso alikwishafika koridoni. Bi Chausiku akachomoa baibui kwenye kamba huku akilaani Tabora na vitongoji vyake vyote, akaniamuru nichukue sahani, kwa sababu, alisema, sufuria ile ni ya mama yake na haiachi kwa mpagazi.

Tukaenda hivyo mpaka Msimbazi, wawili wale wanatukanana njia nzima, watu wanatupisha. Karibu na kituo Bi Chausiku akasimama. Alikuwa amezinduka. Akamnyang'anya Mama Konso ile sufuria na moto wake. "Wewe unaingia wapi, mwendawazimu? Kaa hapa kwa muuza madafu. Ukisogea nitakuvunja miguu." Sauti ilikuwa imembadilika. Tukaingia mimi na yeye.

Niseme kabisa kwamba hawakuachiwa. Walipelekwa kambini kwa treni, na sijui maisha yaliwafikisha wapi. Najua tu walikuwa wamekaa sakafuni nyuma ya kaunta, watoto wamebanana kwa mama yao, fundi viatu ameinamisha kichwa namna ileile ninayoijua. Askari wa zamu akaangalia sufuria, akamwangalia Bi Chausiku. "Bibi, hawa ni nani wako?"

Bi Chausiku hakuwa hata na jina la yule mtu. Akamtazama, akamtazama mkewe, akawapitia watoto mmoja mmoja.

"Watani zangu," akasema.

"Wote?"

"Wote. Na huyo mwanaume ndiye mbaya kupita wenzake, kiatu alichonishonea kilinifia barabarani. Mpe sahani ale, baba, ashibe. Nataka nimtukane akiwa na nguvu za kunijibu."